Samaki Anakula Nini: Historia ya Utafiti wa Uvuvi wa Ziwa Victoria, kutoka Jinja hadi Nyegezi

Uvuvi wa inzi bandia ni namna ya kuvua ambayo mvuvi hatumii mnyoo wala kipande cha samaki kuwa chambo, bali hutumia ndoano ndogo iliyozungushiwa uzi, manyoya ya ndege na nywele za mnyama hata ikafanana na mdudu aeleaye juu ya maji, au na buu la mdudu huyo liishilo chini yake. Kwa kuwa ndoano ya namna hii ni nyepesi kama unyoya, haiwezi kurushwa mbali kwa uzito wa chubwi, yaani kile kipande cha risasi kinachozamisha mshipi wa kawaida. Kinachoirusha ni uzito wa mshipi wenyewe, ambao hutengenezwa mnene kwa makusudi na kupungwa hewani kwa ufito mrefu unaonesa. Kufunga inzi, yaani kuivika ndoano sura ya mdudu, ni ufundi unaojitegemea, na hata hivyo msingi wake hauko mikononi mwa fundi bali katika ujuzi wa samaki: anakula nini, anakula wakati gani, na anakula katika kina gani cha maji. Fundi asiyejua majibu hayo atafunga pambo la kupendeza macho ya binadamu, ambalo samaki atalipita bila kuligusa.

Katika Ziwa Victoria na mito iliyomo katika bonde lake, swali la chakula cha samaki halikujibiwa na vyama vya wavuvi wa burudani, bali na taasisi ya utafiti iliyoanzishwa Jinja, Uganda, mwaka 1947, ambayo kazi yake ilirithiwa baadaye na taasisi tatu za kitaifa. Mojawapo ya warithi hao ni Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania, TAFIRI, ambayo kituo chake cha Mwanza kimefanya kazi ufukweni mwa Nyegezi, jirani na chuo cha uvuvi. Historia ya taasisi hizi ni historia ya swali lililoulizwa vizuri, likajibiwa kwa uangalifu, likapuuzwa wakati lilipohitajika mno, kisha likaulizwa upya na kizazi kingine kilichokuta jibu lenyewe limebadilika.

Kabla ya maabara

Bujora, iliyoko Kisesa wilayani Magu, kiasi cha kilomita 20 mashariki ya jiji la Mwanza, inajulikana kwa makumbusho ya utamaduni wa Wasukuma yaliyoanzishwa na Padre David Clement, mmisionari wa shirika la White Fathers kutoka Quebec nchini Kanada. Miongoni mwa majengo ya makumbusho hayo imo nyumba ya mhunzi, na kazi ya mhunzi haikuishia kwenye jembe na mkuki, kwa maana kabla ya ndoano za viwandani kufika madukani, ndoano ya chuma haikuwa na chimbuko jingine ila kiwanda cha mfua chuma. Pamoja na ndoano, watu wa ufuko wa ziwa walivua kwa migono, yaani mitego iliyosukwa kwa fito na matete yenye mdomo unaomruhusu samaki kuingia lakini usimruhusu kutoka, na kwa vizuizi vya matete vilivyojengwa kukatiza mito.

Vizuizi hivyo vilitegemea elimu ya majira. Samaki aitwaye ningu, ambaye jina lake la kisayansi ni Labeo victorianus, huishi ziwani lakini hupanda mito ya bonde hilo, kama vile Simiyu, Mara na Kagera, maji yanapojaa wakati wa mvua, ili akatage mayai katika mbuga zilizofurika. Mvuvi aliyejua siku ambayo ningu angeanza kupanda hakuwa na haja ya kumfuata majini, kwa sababu samaki alimfuata yeye. Elimu ya namna hii haikuandikwa, na hilo lilikuja kuwa udhaifu wake, kwa maana watawala waliokuja hawakuihesabu kuwa elimu.

Mwaka 1905 mambo mawili yalitokea mbalimbali, na yote mawili yalileta katika maji ya Afrika Mashariki kitu kilichotoka nje. La kwanza ni kuingizwa kwa nyavu za makila, yaani nyavu zinazosimama majini kama ukuta na kumnasa samaki kwenye mashavu, katika ghuba ya Kisumu, ambako reli kutoka Mombasa ilikuwa imefika miaka minne kabla. Nyavu hizo zilivua vizuri kupita mtego wowote wa asili, na kwa miongo iliyofuata zilienea ziwa zima na kutegwa hata kwenye midomo ya mito, ambako zilimnasa ningu aliyebeba mayai kabla hajayataga. Kufikia katikati ya karne, uvuvi wa ningu ulikuwa umeporomoka.

La pili ni mayai ya trauti, samaki wa maji baridi kutoka Ulaya, ambayo Ewart Grogan aliyaagiza kutoka Loch Leven huko Scotland na kuyapandikiza katika mto Gura, kwenye milima ya Aberdare nchini Kenya. Lengo halikuwa chakula cha wenyeji bali burudani ya walowezi, ambao kwao kuvua trauti kwa inzi bandia kulikuwa sehemu ya maisha waliyoyaacha kwao. Aina nyingine ya trauti, iitwayo trauti wa upinde wa mvua kwa ajili ya rangi za ubavu wake, ilifuata mwaka 1910 kutoka Afrika Kusini, na mwaka 1948 kituo cha kuangulia na kukuza vifaranga wa trauti kilijengwa Kiganjo, karibu na Nyeri. Kutokana na desturi hiyo lilizaliwa pia tawi la ufundi lililoishi kupita ukoloni, kwa kuwa warsha za kufunga inzi nchini Kenya zimekuwa zikiuza kazi za mafundi wake kwa wavuvi wa Ulaya na Marekani.

Trauti hakuweza kushuka hadi Ziwa Victoria, kwa sababu maji ya juu ya ziwa hilo yana joto la takribani nyuzi 25 za selsiasi, ambalo samaki wa mito ya milimani halivumilii. Lakini fikra iliyomleta iliweza kushuka. Kwa mujibu wa fikra hiyo, maji yaliyokosa samaki wa kumfurahisha mvuvi yalihesabiwa kuwa maji matupu, na dawa ya utupu huo ilikuwa kumleta samaki kutoka kwingine. Kilichoulizwa ni kama mgeni angeishi, na si kama wenyeji wangesalimika.

Onyo la Michael Graham

Upungufu wa samaki ulioonekana baada ya nyavu za makila kuenea uliwafanya watawala wa Kenya, Uganda na Tanganyika kumwita mtaalamu wa uvuvi kutoka Uingereza, Michael Graham, ambaye alilipima ziwa kati ya mwaka 1927 na 1928 na kuchapisha ripoti yake mwaka 1929. Graham alionyesha kwamba uvuvi wa ziwa ulisimama juu ya samaki mmoja, ngege, ambaye ni jamaa wa sato anayejulikana kisayansi kwa jina la Oreochromis esculentus, na akapendekeza kwamba matundu ya nyavu yasiwe chini ya inchi 5 ili samaki wapate kutaga kabla ya kuvuliwa.

Ripoti hiyo ilikuwa na onyo ambalo wakati ule halikuonekana kuwa na uzito mkubwa. Kwa kuwa ziwa lilijaa furu, yaani jamii ya samaki wadogo wenye miiba ambao soko halikuwathamini, wapo waliofikiri kwamba samaki mkubwa mla nyama angeweza kuletwa awageuze furu kuwa minofu. Graham aliandika kwamba kumwingiza samaki mkubwa wa namna hiyo kutoka mahali pengine kungekuwa hatari mno, isipokuwa pale ambapo utafiti mpana wa matokeo yake umetangulia. Maneno hayo ndiyo yanayoweza kuhesabiwa kuwa hoja ya kwanza ya kuwapo kwa taasisi ya kudumu.

Jinja na elimu ya wadudu

Taasisi hiyo, iliyoitwa Shirika la Utafiti wa Uvuvi la Afrika Mashariki, ilianza kazi Jinja mwaka 1947, mahali ambapo mto Nile unatoka ziwani, chini ya mkurugenzi wake wa kwanza, Robert Beauchamp. Katika miaka iliyofuata walipita hapo watafiti ambao majina yao hayatenganishwi na elimu ya samaki wa Afrika: Rosemary Lowe, aliyechunguza jamii ya sato na uzazi wao, Humphry Greenwood, aliyeanza kazi ndefu ya kuwapanga furu kwa spishi, yaani aina zinazozaana zenyewe kwa zenyewe, na Geoffrey Fryer, aliyechunguza viumbe wadogo wa majini na uhusiano wao na samaki.

Kwa upande wa chakula cha samaki, hata hivyo, kazi yenye thamani ya pekee ilifanywa na wale waliowachunguza wadudu. Kila anayeishi kando ya ziwa amewahi kuona wingu jeusi likipanda kutoka majini mfano wa moshi wa pori linaloungua, likasukumwa na upepo hadi nchi kavu na kujaa katika nyumba na taa. Wingu hilo ni la wadudu wadogo, hasa wa jenasi ya Chaoborus pamoja na jamaa zao, ambao huishi utoto wao majini wakiwa mabuu, kisha hupanda juu kwa pamoja, huvua ngozi ya utoto na kuruka ili wazaliane. W. W. Macdonald alionyesha mwaka 1956 kwamba wadudu hao hutoka kwa kufuata mwezi, wengi wao katika siku zinazokaribia mwezi mwandamo, na katika uchunguzi huohuo alipasua matumbo ya domodomo, samaki mwenye mdomo mrefu kama mkonga, akakuta kwamba mabuu yanayoishi kwenye tope la chini ndiyo sehemu kubwa ya riziki yake.

Mwaka mmoja kabla, R. Hartland-Rowe alikuwa ametoa taarifa inayokwenda kinyume cha hiyo kwa namna ya kuvutia. Mdudu aitwaye Povilla adusta, ambaye buu lake hutoboa magogo, mafunjo na hata mbao za mitumbwi ili lipate makao, huibuka kwa wingi usiku wa pili hivi baada ya mwezi mpevu, huruka kwa saa chache tu, na katika saa hizo hupandana, hutaga na kufa. Ziwa, kwa hiyo, lina kalenda mbili za chakula, moja ya giza na nyingine ya mbalamwezi, na samaki huzijua zote mbili. Philip Corbet aliikamilisha picha hiyo mwaka 1961 kwa kuchapisha uchunguzi mpana wa chakula cha samaki wa bonde la ziwa wasio wa jamii ya sato na furu, uliotokana na kupasua matumbo ya samaki wengi mno na kutambua mabaki ya wadudu waliomo, na uliothibitisha kwamba mdudu wa majini ni nguzo ya maisha ya samaki katika ziwa na mito yake.

Mfungaji wa inzi bandia akisoma kazi hizo ataziona kuwa kitabu cha fani yake, kwa sababu zinamweleza umbo la mdudu, ukubwa wake, tabaka la maji analopitia na usiku anaotokea. Watafiti wa Jinja hawakuandika kwa ajili ya burudani, lakini walifika mahali palepale ambapo mvuvi makini wa inzi hufika anapompasua samaki wa kwanza wa siku ili ajue ndoano inayofuata ivae sura gani.

Sangara

Wakati elimu hiyo ikikusanywa, uamuzi uliohitaji elimu hiyo ulikuwa ukifanywa pengine. Kuanzia mwaka 1954 sangara, samaki mla nyama anayeweza kufikia urefu wa meta 2 na uzito wa kilo 200, alichukuliwa kutoka Ziwa Albert na kuingizwa katika Ziwa Victoria upande wa Uganda bila idhini ya wazi, na mwaka 1962 na 1963 akaingizwa tena kwa idhini rasmi huko Entebbe na Kisumu. Waliomtaka walitoa hoja mbili: kwamba angewageuza furu wasio na soko kuwa samaki wa kuuzika, na kwamba angekuwa windo bora la wavuvi wa burudani. Fikra ya Gura ilikuwa imefika ziwani. Mwaka 1960 Fryer alichapisha makala ya kupinga, akirudia kwa ushahidi mpya hoja ya Graham, lakini mwaka huo sangara alikuwa tayari majini.

Kwa takribani miaka 20 ilionekana kana kwamba wapinzani walitia chumvi. Meli ya utafiti ya Ibis, iliyovuta jarife la chini, yaani wavu mfano wa mfuko unaoburutwa sakafuni mwa ziwa, kati ya mwaka 1969 na 1971, ilikuta kwamba furu bado walikuwa kiasi cha asilimia 80 ya uzito wote wa samaki wa tabaka hilo. Kutokana na takwimu hizo Tanzania iliona uwezekano wa uvuvi wa furu kwa jarife kwa ajili ya kutengeneza unga wa samaki wa kulishia mifugo, na uvuvi huo ulianza Mwanza katika miaka ya 1970.

Nyegezi

Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, na shirika la Jinja, lililokuwa mali ya nchi zote tatu, likavunjika nayo. Kenya iliunda taasisi yake mwaka 1979, na Tanzania ikaunda TAFIRI kwa Sheria Namba 6 ya mwaka 1980, huku maabara ya Jinja ikibaki kuwa ya Uganda. Mwaka uleule wa mvunjiko kikundi cha wanabiolojia kutoka Chuo Kikuu cha Leiden nchini Uholanzi, ambacho mtu aliyehusishwa nacho kwa muda mrefu kuliko wote ni Frans Witte, kilianza kazi Mwanza kwa ushirikiano na chuo cha uvuvi cha Nyegezi, chuo ambacho baadaye kiliwekwa chini ya Wakala wa Elimu na Mafunzo ya Uvuvi, FETA. Kikundi hicho, kilichofahamika kwa kifupi cha HEST, kilitumia meli ya chuo iliyoitwa Mdiria, kwa jina la ndege mvuvi, kupima samaki wa Ghuba ya Mwanza, ikiwemo hori ya Butimba.

Kilichogunduliwa Nyegezi ni kwamba neno furu lilificha wingi usiotazamiwa. Ndani ya ghuba moja zilipatikana spishi nyingi mno, na kilichozitenganisha kwa kiasi kikubwa kilikuwa chakula: walikuwapo wala tope, wala planktoni, ambao ni viumbe wadogo waeleao majini, wavunja konokono, wala wadudu, wala uduvi, wala samaki, wanyonya mayai na vifaranga kutoka vinywani mwa mama zao, na hata waparua magamba ya samaki wenzao. Kila kundi lilikuwa na taya na meno yaliyolingana na riziki yake, kiasi kwamba mtaalamu aliweza kutazama kinywa cha samaki na kutaja mlo wake. Majina ya nchi yaliingia katika sayansi kwa njia hiyo: mwaka 1985 furu mmoja wa Mwanza mwenye dume la rangi nyekundu alipewa jina la nyererei kwa heshima ya Mwalimu Julius Nyerere, na mwaka 1998 Ole Seehausen na wenzake walimweka katika jenasi mpya waliyoiita Pundamilia, kwa ajili ya mistari ya ubavuni.

Orodha ya spishi ilikuwa haijakamilika wakati spishi zenyewe zilipoanza kutoweka. Katika nusu ya kwanza ya miaka ya 1980 sangara waliongezeka ghafla katika Ghuba ya Mwanza, na kufikia mwaka 1987 furu wa maji ya wazi walikuwa karibu wametoweka katika nyavu za utafiti. Mwaka 1992 Witte na wenzake walikadiria kwamba kati ya spishi zaidi ya 300 zilizojulikana wakati huo, kiasi cha 200 zilikuwa zimetoweka au zimekaribia kutoweka. Mavuno ya ziwa zima, kwa upande mwingine, yalipanda kutoka takribani tani 100,000 kwa mwaka katika miaka ya 1970 hadi takribani tani 500,000 kufikia mwaka 1990, na viwanda vya minofu vikajengwa Mwanza, hivyo kwamba tukio lilelile liliandikwa kuwa maafa katika vitabu vya biolojia na kuwa neema katika vitabu vya fedha. Taasisi ya Nyegezi ilikuwa mahali ambapo hesabu zote mbili zilipaswa kuwekwa mezani pamoja.

Jibu linalobadilika

Matumbo ya sangara yaliendelea kupasuliwa, na yalisimulia mabadiliko hayo kwa mpangilio. Sangara alikula furu hadi wakaisha, kisha akageukia uduvi, dagaa na watoto wake mwenyewe. Sangara walipopunguzwa na uvuvi katika miaka ya 1990 na baadhi ya furu wakaanza kurudi, furu walionekana tena katika mlo wake. Waliorudi hawakuwa walewale kwa kila hali. Furu aitwaye Yssichromis pyrrhocephalus, ambaye katika miaka ya 1970 alikuwa mla planktoni, alikutwa akila pia mabuu ya wadudu, uduvi na samaki wadogo, na mashavu yake ya kuvutia hewa yalikuwa yamepanuka kulingana na maji yenye oksijeni haba.

Maji nayo yalikuwa yamebadilika, kwa kuwa mbolea, taka na udongo vilivyosombwa kutoka nchi kavu vilirutubisha mwani na kuyafanya kuwa machafu. Katika visiwa vya miamba karibu na Mwanza, hususan Makobe katika Ghuba ya Speke, Seehausen na wenzake walionyesha kwamba furu wa jenasi ya Pundamilia hutambuana kwa rangi, dume wa buluu akiishi kina kifupi na mwekundu kina kirefu zaidi, na kwamba macho ya kila kundi yanalingana na mwanga wa kina chake. Maji yakichafuka, rangi hazitofautishwi, na spishi mbili huanza kuchanganyikana. Wavuvi wa inzi bandia wamejua kwa vizazi kwamba rangi ya manyoya ifaayo katika maji maangavu haifai katika maji ya tope. Makobe imeonyesha kwamba kanuni hiyohiyo ya mwanga inaweza kuamua kama spishi itaendelea kuwapo.

Kugawanyika kwa mwaka 1977 hakukudumu katika kila jambo. Tarehe 30 Juni 1994 nchi tatu zilitia saini mjini Kisumu mkataba wa kuanzisha Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria, ambalo makao yake yaliwekwa Jinja, na tangu hapo taasisi za kitaifa zimekuwa na meza ya kulinganishia vipimo vya ziwa ambalo samaki wake hawajui mipaka.

Mafanikio ya taasisi iliyozaliwa mwaka 1947 hayawezi kupimwa kwa kuuliza kama ilimzuia sangara, kwa sababu haikuwa na mamlaka ya kumzuia. Yanapimwa kwa kulinganisha karatasi zake. Lau Corbet, Macdonald na wenzao wasingeandika samaki walikula nini katika miaka ya 1950, na lau Nyegezi isingehesabu furu kabla ya mwaka 1983, hakuna ambaye angeweza kusema leo ni kipi kilichopotea, kipi kilichorudi, na kipi kilichorudi kikiwa kingine. Mla planktoni wa mwaka 1977 aliyegeuka kuwa mla mabuu ni ushahidi kwamba jibu la kizazi kimoja halimtoshi mvuvi wala mtafiti wa kizazi kinachofuata, na ndiyo sababu ya kisu kidogo, sinia na hadubini kuendelea kuwa vifaa vya kwanza vya maabara ya uvuvi, jinsi vilivyokuwa pale Jinja.